Feloshipu za utafiti wa kilimo na mazingira: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutufikia kila msimu wa maombi. Wengine wanaouliza ndio kwanza wamehitimu Morogoro, Njoro au Makerere, wengine ni maofisa kilimo wilayani ambao hawajashika vifaa vya maabara tangu watoke chuoni. Tarehe za mwisho wa maombi hatujaziweka kwa kuwa hubadilika kila mwaka. Ziangalie kwa mfadhili mwenyewe, usizichukue kwenye ujumbe unaozunguka WhatsApp.

Feloshipu ya utafiti inatofautianaje na skolashipu ya kawaida?

Skolashipu inakulipia masomo, na mwisho wake ni cheti. Feloshipu inakulipia kazi ya utafiti. Unaweza kutoka bila cheti kipya hata kimoja, ila una data, una makala, una mbinu uliyojifunza kwenye maabara ya watu, na unajua nani wa kushirikiana naye kesho. Mpaka kati ya hizo mbili si mkali, kwa sababu zipo feloshipu za uzamivu zinazobeba na ada. Dalili iko kwenye tangazo: likitaka kujua umedahiliwa wapi, hiyo ni ya masomo, likitaka kujua unatafiti nini na chini ya nani, ni ya utafiti.

Mfano unaojulikana ni Wangari Maathai. Shahada mbili za mwanzo alizipata Marekani, Kansas na kisha Pittsburgh. Alipokuwa anafanya uzamivu wake wa anatomia ya mifugo Nairobi, alikwenda Ujerumani, Giessen na Munich, akafanya utafiti huko kisha akarudi. Uzamivu alitunukiwa Nairobi mwaka 1971. Usajili nyumbani, sehemu ya utafiti kwa wenyeji wa nje: mtindo huo bado unatumika sana, na ndio tunaoupendekeza kwa wengi.

Nina shahada ya kwanza tu. Nijaribu?

Feloshipu nyingi zitakupita. Taasisi kubwa za kimataifa zilizoko kwetu, kama ILRI ya mifugo na icipe ya wadudu, zote za Nairobi, hazitoi shahada. Zinapokea mwanafunzi aliyekwisha kusajiliwa chuo kikuu kwa uzamili au uzamivu, zikampa msimamizi wa pili, maabara na shamba la majaribio. Kwa mwenye shahada ya kwanza mlango uliopo ni mafunzo kwa vitendo au kazi ya msaidizi wa utafiti. Usiidharau kazi hiyo. Mwaka mmoja wa kupima udongo, kuhesabu wadudu na kuingiza takwimu chini ya mtafiti makini utakupa barua ya mapendekezo yenye nyama, kuliko kutuma maombi huku na huko ukiwa huna cha kuonyesha.

Nianzie wapi kutafuta?

Anza na taasisi zinazofanya kazi unayoitaka, matangazo yatafuata. Kwa wadudu, nenda icipe, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo. Programu yake ya uzamivu, ARPPIS, imekuwepo tangu 1983 na imepitiwa na watafiti kutoka pembe nyingi za Afrika. Mifugo na magonjwa yake: ILRI. Miti na mashamba mseto: CIFOR-ICRAF, iliyoko Gigiri. Mhogo, migomba na kunde: IITA, ambayo makao yake ni Ibadan lakini ina vituo Tanzania, Uganda na mashariki ya Congo. Zote hizi ziko katika CGIAR, mtandao wa vituo vya kimataifa vya utafiti wa kilimo, isipokuwa icipe, inayojitegemea.

RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika wenye makao Kampala, hutoa fedha za utafiti wa uzamili na uzamivu katika kilimo kupitia vyuo wanachama, kwa hiyo muulize mhadhiri wako kabla hujauliza mtandao. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, hufadhili Waafrika kusoma ndani ya Afrika yenyewe, jambo ambalo wengi hawalijui kwa sababu wakisikia Ujerumani wanawaza Berlin. TWAS, akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea iliyoko Trieste, Italia, iliyoanzishwa mwaka 1983 na mwanafizikia Abdus Salam, huwaunganisha watafiti na taasisi za nchi zinazoendelea kama India, Pakistan na Afrika Kusini.

Kwa mambo ya bahari, WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari, iko Zanzibar na hutoa fedha za utafiti kwa watu wa ukanda wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Kwa misitu ya Congo, ipo ERAIFT, shule ya uzamili ya misitu iliyoko Kinshasa. Huko kazi ni kwa Kifaransa, kwa hiyo msomaji wa Bukavu au Goma ana nafasi nzuri kuliko wa Dodoma.

Lazima niende Ulaya au Marekani ndipo nihesabike?

Hapana, na kwa masomo mengi ya kilimo cha joto ni kujichelewesha. Ugonjwa wa michirizi kahawia ya mhogo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Amani, kwenye milima ya Usambara, miaka ya 1930. Chanjo ya sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, iliyosaidia kuuondoa ugonjwa huo duniani, mpaka ukatangazwa kutokomezwa mwaka 2011, ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Kilimo cha sukuma-vuta, kinachopanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya malisho pembeni ili kudhibiti bungua (viwavi wanaotoboa mashina) na kiduha (gugu linalonyonya mizizi), kilikuzwa na icipe kwenye kituo cha Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kwa kushirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza. Tatizo liko hapa, shamba liko hapa, na wakulima wanaokujibu kwa lugha yako wako hapa.

Safiri kwa sababu inayotajika. Kuna mashine usiyoweza kuipata karibu. Kuna mtaalamu mmoja wa kundi la fangasi unaowachunguza. Kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa yenye vielelezo vya mwaka 1905. "Kupanua upeo" si sababu, na waamuzi wanaopima maombi wameisoma mara nyingi mno.

Mwenyeji nampataje? Nimeandikia maprofesa wengi, hakuna aliyejibu.

Hapa ndipo maombi mengi yanapofia, kabla hata ya fomu kujazwa. Feloshipu kubwa kama za shirika la Alexander von Humboldt la Ujerumani, au Marie Skłodowska-Curie za Umoja wa Ulaya, hukutaka uje na mwenyeji aliyekubali, yaani mtafiti wa huko atakayekupokea. Hawakutafutii.

Barua isiyojibiwa tunaijua ilivyo. Inaanza kwa kumsifu profesa, inaeleza kwamba mwandishi ni mchapakazi na ana ndoto, inaambatanisha vyeti vyote tangu kidato cha nne, kisha inaomba "nafasi yoyote". Profesa hawezi kukupa nafasi yoyote. Ana nafasi moja, ya kazi anayoifanya sasa.

Inayojibiwa ina aya tatu. Ya kwanza inasema umesoma makala yake gani na nini ndani yake kimekugusa: si kichwa cha makala, ni jedwali au matokeo fulani. Ya pili inasema una nini mkononi ambacho yeye hana. Hapo ndipo mtu wa kwetu ana nguvu na hajijui. Unazo takwimu za mvua za kituo cha Ilonga kwa misimu kadhaa. Unawafahamu wakulima wa korosho wa Newala na umewahi kuwahesabia miti yenye ubwiriunga. Unazungumza Kisukuma na unaweza kukaa na wafugaji wa Meatu bila mkalimani. Kwa mtafiti aliyeko chuo cha Wageningen, Uholanzi, hayo ni mali. Ya tatu inataja programu unayotaka kuomba, tarehe yake ya mwisho, na unachomwomba yeye: kusoma ukurasa mmoja wa wazo na kusema kama angekubali kuwa mwenyeji.

Wiki tatu zikipita kimya, mkumbushe kwa mistari miwili. Akinyamaza tena, endelea kwa mwingine. Usitume barua moja kwa watu ishirini huku majina yao yote yakionekana juu, wanajuana.

Andiko la utafiti linapimwaje?

Kwa swali lake. Kichwa kinachosema "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa kilimo nchini Tanzania" hakina swali ndani yake, na hakuna anayeweza kukimaliza kwa mwaka mmoja au kumi.

Chukua sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya waliokula mahindi yaliyooza kwa ukungu, na mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Kila mtu anajua ni tatizo. Sasa libane: je, mahindi yanayokaushwa juu ya turubai Kondoa yana sumukuvu pungufu kuliko yanayoanikwa chini, na tofauti hiyo inabaki baada ya miezi mitatu ghalani? Hilo ni swali. Lina mahali, lina kulinganisha, lina muda, na jibu la "hapana" nalo lina faida.

Likishabanwa, ugumu wake wa kweli unajitokeza, na mwamuzi anataka kuona kama umeuona. Sumukuvu haisambai sawasawa kwenye gunia. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote na zilizobaki zikawa safi. Ukichomeka bambo mara moja juu ya gunia na kupima ulichokitoa, umepima bahati yako. Kwa hiyo eleza utachota sehemu ngapi za gunia, juu, katikati na chini, utasaga kilo ngapi pamoja kabla ya kugawa sampuli ndogo, na kaya ngapi zitatosha kuonyesha tofauti. Sema pia unyevu wa punje utaupima kwa kifaa gani, maana mahindi yakihifadhiwa juu ya takriban asilimia 13 hadi 14 ya unyevu, ukungu umekaribishwa. Aya mbili za namna hii zinamshawishi mwamuzi kuliko kurasa nne za umuhimu wa kilimo kwa pato la taifa.

Mazingira ni vilevile. "Uharibifu wa pwani" ni mada. Kwa nini mwani mnene, ule wanaouita cottonii, unakufa kwenye maji mafupi ya Paje wakati maji yanapopata joto, na je, ukihamishiwa kwenye kina kirefu gharama ya mashua inalipika kwa bei ya mwani mkavu? Hilo ni swali, na ndani yake kuna biolojia na kuna mfuko wa mama mkulima.

Bajeti iandike baada ya mbinu. Ikianza bajeti, mbinu hufuata pesa, na inaonekana.

Barua za mapendekezo nimwombe nani?

Aliyekuona ukifanya kazi. Mkuu wa kitivo ambaye hakufahamu atakuandikia kwamba ulihudhuria vipindi. Mpe mwandishi wako wiki nne, andiko lako, na orodha ya mambo aliyokuona ukiyafanya, kwa heshima zote. Maprofesa wetu wana mzigo na hawapendi kushtukizwa usiku wa mwisho.

Kuna kikomo cha umri?

Mara nyingi hawahesabu umri wako, wanahesabu miaka tangu shahada yako ya mwisho. Programu nyingi za DAAD hutaka isizidi 6. Feloshipu za Marie Skłodowska-Curie kwa waliomaliza uzamivu zimekuwa zikiweka kikomo cha miaka 8 ya utafiti tangu uzamivu, nazo hutaka uwe hujaishi nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyotangulia. Mtumishi wa umma anayesubiri "mambo yatulie" kabla ya kuomba aihesabu miaka hiyo leo.

Mimi ni mama wa mtoto mchanga. Nisubiri?

Soma kwanza masharti ya familia, yapo kuliko unavyodhani. Likizo ya uzazi hukatwa kwenye hesabu ya ile miaka 8 ya Marie Skłodowska-Curie. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi lililoko Trieste, hufadhili uzamivu kwa wanawake wa nchi zilizo nyuma kisayansi, wakisomea katika nchi nyingine inayoendelea. AWARD ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2008, haitoi shahada: humkuza mwanamke mtafiti wa kilimo akiwa kazini kwake, ikampa mlezi wa kitaaluma na mafunzo ya uongozi, naye akamlea mdogo wake katika fani. Kwa mama ambaye hawezi kuondoka nyumbani miaka mitatu, mpango wa aina hiyo unafaa kuliko tiketi ya ndege. Waulize wafadhili wazi kama posho ya mtoto ipo. Hakuna atakayekukata jina kwa kuuliza.

Tangazo linanifaa kwa kila kitu. Kuna mtego gani?

Uraia na mahali unapofanyia kazi. Kwa mfano OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, ina feloshipu nzuri za kilimo endelevu na mifumo ya chakula, lakini ni za watafiti wanaotoka nchi moja iliyomo kwenye programu kwenda nyingine, na hakuna nchi ya Afrika Mashariki humo. Mtanzania aliyeajiriwa na taasisi ya utafiti ya Uholanzi asome masharti kwa makini. Aliyeko kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, asipoteze wikiendi yake.

Orodha za zamani nazo ni mtego. USAID ilifungwa mwaka 2025, na maabara za utafiti wa kilimo zilizokuwa chini ya mpango wake wa Feed the Future kwenye vyuo vikuu vya Marekani zilipoteza fedha. Zilisomesha watu wengi wa kwetu. Matangazo yao bado yanazunguka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Posho inatosha?

Inategemea mji. Uliza kama inajumuisha pango, bima ya afya, ada ya viza na gharama za maabara. Hizo za mwisho ndizo zinazosahaulika: unafika, una posho nzuri, na hakuna wa kulipia vitendanishi. Uliza pia inalipwa lini, kwa kuwa mwezi wa kwanza mara nyingi unajitegemea, na mwenye nyumba hataki habari za utaratibu wa benki.

Ukiwa mwajiriwa wa serikali au wa chuo, omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla hujasaini chochote, na usome mkataba wa kurudi kazini. Wanaokwenda Marekani kwa viza ya J-1 wajue kwamba, kwa programu nyingi zinazolipiwa na serikali, hutakiwa kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu au baadhi ya viza za kazi.

Vibali vya utafiti vinachukua muda gani?

Muda mrefu kuliko ulioweka kwenye ratiba yako. Tanzania Bara kibali ni cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na ukigusa wanyamapori, TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, nao wamo. Zanzibar ina utaratibu wake, kwa hiyo kibali cha Dar es Salaam hakikuvushi kwenda Pemba. Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST. Juu ya hapo kuna barua za mkoa na wilaya, kisha unakwenda kwa mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye ataamua kama kesho unapata watu wa kuwahoji.

Sampuli zinazovuka mpaka zina sheria zake. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014, inataka ridhaa ya nchi yenye rasilimali na makubaliano ya kugawana faida. Mbegu, majani na udongo vinahitaji vyeti vya afya ya mimea: TPHPA kwa Tanzania, KEPHIS kwa Kenya. Usikubali mwenyeji akuambie "beba tu kwenye begi". Likikamatwa, jina lililoko kwenye pasipoti ni lako. Na kabla sampuli hazijaondoka, andikeni nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala na data zitatunzwa wapi. Mkishapata matokeo mazuri, mazungumzo hayo huwa machungu.

Nimechaguliwa, lakini wananitaka nilipe ada ya kushughulikia maombi.

Hujachaguliwa. Wafadhili tuliowataja hapa hawalipishi ada ya kuomba, wala hawatumi barua ya ushindi kwa mtu ambaye hakuomba. Anwani ya barua pepe ikiwa ya bure na barua ikikutaka utume pesa kwa simu ndani ya saa 48, ifute.

Naweza kutumia akili mnemba kuandika andiko?

Kusahihisha Kiingereza, sawa, kama mfadhili anaruhusu. Baadhi wanataka useme. Kuandika wazo, hapana. Programu hizo hubuni marejeo yasiyokuwepo, na mwamuzi wako huenda ndiye mwandishi anayesingiziwa.

Nimekataliwa. Naweza kuomba tena?

Karibu zote zinaruhusu, nyingine huweka muda wa kusubiri. Omba maoni ya waamuzi kama yanatolewa. Wakisema swali ni pana, libane. Wakisema mbinu ina upungufu, tafuta mtakwimu mkae naye kabla ya msimu ujao. Wakisema tu ushindani ulikuwa mkubwa, badilisha kidogo na utume kwingine mwezi huohuo, maana andiko likikaa kwenye droo huchakaa: bei hupanda, mwenyeji huhama, na mtu mwingine huuliza swali lako.

Nimeshatuma. Sasa?

Majibu ya programu kubwa huchukua miezi minne hadi sita, nyingine zaidi. Angalia pasipoti yako isiwe inaisha ndani ya kipindi hicho, tafuta nakala zilizothibitishwa za vyeti, na angalia folda ya barua taka kila wiki. Mialiko ya usaili huangukia huko, na baadhi yake hutoa siku tano tu za kujibu.